Gharama ya Njia: Maelezo Juu ya Barabara na Daraja la Rusumo

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Amerika ziko barabara zilizoinuliwa juu ya nguzo, ambazo zilijengwa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa furaha kubwa, na ambazo baadaye ziligeuka kuwa mzigo. Mji wa Boston, katika Marekani, ulikamilisha barabara yake ya juu mwaka 1959. Kabla haijatimiza miaka hamsini ilikuwa imekwisha kubomolewa na njia kuzamishwa chini ya ardhi, kazi ambayo ilikula kadiri ya dola bilioni 15. Toronto, katika Kanada, walibishana juu ya barabara yao kwa miaka mingi, hata mwaka 2023 serikali ya jimbo la Ontario ikakubali kuupokea mzigo huo kutoka mikononi mwa mji. Sisi wa Afrika ya Mashariki tungali mwanzoni mwa safari hiyo. Daraja la juu la Mfugale, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 2018. Lile la Kijazi, pale Ubungo, mwaka 2021. Na barabara ya kulipia ya Nairobi, yenye urefu wa kilometa 27, ambayo sehemu yake moja imebebwa na nguzo, mwaka 2022. Zote ni changa, na ni wachache waulizao zitakuwaje zikizeeka.

Hata hivyo si kweli kwamba hatuna mfano wetu wenyewe. Mfano uko, ila hauko mjini. Uko katika nchi ya Biharamulo na Ngara, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya kiasi cha kilometa 1,300, huufikia mto Kagera na kuingia Rwanda. Pale Rusumo lilikuwapo daraja la chuma lililozeeka likingali kazini, likashindwa na mizigo, likapata mrithi; na nyuma yake iko barabara ya lami, kutoka Lusahunga, ambayo nayo imezaliwa, ikachakaa na kuzaliwa tena. Makala hii yakusudia kufuata habari ya njia hiyo tangu ilipoandikwa kwanza katika vitabu, na kuuliza swali moja tu: ni nani aliyelipa? Nami kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nitalifuata swali hilo kwa kuyashika maneno ambayo malipo yenyewe yaliitwa.

Kwanza majina ya mahali. Msafiri apitaye huko atasikia majina mengi yaanzayo kwa Nya-: Nyamahanga, Nyakahura, Nyakanazi, Nyantakara, Nyabusozi. Ni alama ya lugha za Maziwa Makuu, na yatosha kumwonyesha mgeni kwamba Kiswahili hapa ni lugha iliyofika kwa njia hii hii tunayoisimulia. Rusumo nalo si jina la mtu wala la kabila. Katika Kinyarwanda na lugha za jirani isumo, au urusumo, ni maji yaangukayo. Kwa hiyo sisi tusemapo "maporomoko ya Rusumo" twasema maporomoko ya maporomoko, kosa dogo lisilomdhuru mtu. Neno la daraja ndilo lenye faida zaidi. Kiswahili kimelichukua kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni ngazi au cheo, na maana hiyo ya cheo tungali nayo. Ng'ambo ya Kagera daraja huitwa ikiraro, kutokana na kitenzi kurara, ambacho ni kulala kwetu. Kiswahili cha zamani kilikuwa na ndugu yake, yaani ulalo, gogo lililolazwa juu ya kijito ili watu wavuke. Neno ulalo limebaki katika kamusi tu. Tumeliacha gogo tukachukua cheo.

Sasa tuje kwenye malipo. Mwaka 1861 Mwingereza Speke, pamoja na mwenzake Grant, walipita katika nchi waliyoiita Usui, ambayo ni nchi ya Wasubi, yaani sehemu za Biharamulo na Ngara za leo, wakielekea Karagwe kwa Rumanika. Mtawala wa Usui alikuwa Suwarora. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 Speke analalamika kurasa nyingi juu ya hongo. Kila hatua palikuwa na madai. Si Suwarora peke yake, bali hata wakubwa wake wa mipakani walitaka sehemu zao, na walitaka nguo, na ushanga, na nyaya za shaba, nao waliweza kumzuia mgeni siku nyingi mpaka waridhike. Hongo ikisha kulipwa ngoma ilipigwa, watu wote wakajua kwamba msafara una ruhusa. Sisi leo tungeiita ngoma hiyo stakabadhi.

Msomaji wa leo akikutana na habari hii hudhani kwamba Suwarora alikuwa mla rushwa, kwa sababu hongo katika Kiswahili cha leo ni malipo ya siri yapindayo haki. Lakini katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19 hongo haikuwa ya siri hata kidogo. Ilikuwa ada ya kupita, iliyodaiwa mchana mbele ya watu, na mwenye nchi alikuwa na haki ya kuidai kama vile serikali leo idaivyo ushuru. Speke alichukia ukubwa wake na ucheleweshaji wake. Wachukuzi wake hawakuona ajabu kwamba ilidaiwa. Kwa maoni yangu badiliko la maana ya neno hili ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito kuliko hati nyingi. Siku ile utawala wa kigeni ulipojitwalia njia zote, yule aliyeendelea kudai malipo njiani akawa mwizi, na neno likaanguka pamoja naye.

Tuangalie lakini hongo ililipia nini. Ililipia usalama, na chakula, na viongozi wa njia. Haikulipia njia yenyewe, kwa maana njia ya miguu haihitaji fedha. Mvua ikiifuta watu huikanyaga upya kando yake. Ugumu ulikuja na magurudumu.

Mwezi wa Mei 1894 Mjeremani Graf von Götzen, aliyetoka Pangani, aliuvuka Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ametokea pwani ya magharibi. Baadaye akawa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi, tangu 1901 mpaka 1906. Wadachi wakajenga boma Biharamulo, ambalo lasimama hata leo. Vita vya 1914 vikawaondoa, na mto uliokuwa katikati ya milki moja ukawa mpaka baina ya mbili, Waingereza upande wa Tanganyika na Wabelgiji upande wa Ruanda-Urundi. Hapa kuna tukio dogo ambalo watu wamelisahau. Mwaka 1922 Waingereza waliichukua Gisaka, yaani sehemu ya mashariki ya Rwanda itazamanayo na Ngara ng'ambo ya mto, kwa sababu walitaka nafasi ya kupitisha reli ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Haikupita hata miaka miwili wakairudisha, na reli haikujengwa. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana juu ya reli nyingine, ya kutoka Isaka hadi Kigali. Njia hii imezoea kuahidiwa reli, nayo imezoea kuendelea kubeba mizigo kwa magurudumu ya mpira wakati ahadi zinangoja.

Barabara za kwanza za motakaa katika nchi hizi zililipwa kwa mikono. Upande wa Wabelgiji kazi hiyo ya lazima, ya kulima barabara na kufyeka na kubeba mawe bila hiari, iliitwa akazi. Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kuambiwa limetoka wapi: ni kazi yetu ya Kiswahili, iliyovikwa kiambishi cha Kinyarwanda. Watu wengi waliikimbia akazi kwa kuvuka mipaka kwenda Uganda na Tanganyika, wakatafute kazi ya mshahara. Na leo? Katika Kinyarwanda na Kirundi akazi ni ajira. Mtu apataye akazi hupongezwa na ndugu zake. Maneno mawili basi yalipishana juu ya mto mmoja. Hongo ilianza kuwa haki ikaishia kuwa uhalifu, na akazi ilianza kuwa adha ikaishia kuwa riziki. Lakini yote mawili yalikuwa, kwa wakati wake, bei ya njia. Tofauti ni kwamba hongo ililipwa na mpitaji, na akazi ililipwa na mkazi, ambaye pengine hakuwa na gari wala mzigo wa kupitisha.

Daraja la chuma lilijengwa Rusumo mwanzoni mwa miaka ya 1970, juu kidogo ya maji yaendayo kasi. Lilikuwa la upinde, zuri kutazamwa, nalo lilikuwa la njia moja tu. Kwa magari ya wakati ule lilitosha. Lakini bandari ya Dar es Salaam ilizidi kuihudumia Rwanda, na Burundi, na mashariki ya Kongo. Magari ya mizigo yakaongezeka urefu na uzito. Na lile daraja likabaki vile vile, gari kubwa moja likipita taratibu na mengine yakipanga mstari yakingoja zamu. Wahandisi walilijua jambo hili kwa miaka mingi. Daraja kuukuu halianguki ghafula sikuzote. Kwa kawaida huanza kwa kuwekewa masharti: kwanza mwendo, kisha uzito, kisha idadi ya magari. Masharti hayo nayo ni gharama, ila hayaandikwi katika daftari la serikali. Huandikwa katika siku za dereva na katika bei ya saruji na ngano kule Kigali.

Barabara ya lami nayo ilipofika ilileta jina. Kampuni ya Kiitalia iliyofanya kazi ya barabara katika Ngara iliitwa Benaco, na mahali palipokuwa kambi yake pakaitwa Benaco vile vile. Waitaliani walipomaliza walikwenda zao, jina likabaki kwa wenyeji, wala halikuwa na habari nje ya wilaya ile, mpaka mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walitoka Rwanda wakavuka daraja la Rusumo kwa miguu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa haraka namna ile. Walikaa Benaco, na kwa siku chache jina la kambi ya makandarasi likawa jina la mojawapo ya makambi makubwa ya wakimbizi duniani. Chini ya daraja hilo hilo mto ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa kuelekea Ziwa Viktoria. Mwezi wa Desemba 1996 karibu watu nusu milioni walirudishwa kutoka Tanzania, na wengi wao walipita juu ya chuma kile kile. Hakuna mhandisi aliyepiga hesabu ya mzigo wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wala sijui ni safu gani ya makisio ya fedha ingeweza kuupokea.

Daraja jipya, lenye urefu wa mita 80 na njia mbili, lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani. Lilimalizika mwisho wa mwaka 2014, na tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walilifungua rasmi, pamoja na kituo ambamo maofisa wa nchi mbili hukagua mizigo pamoja badala ya kila mmoja upande wake. Hapo neno la malipo likawa msaada. Mpitaji hakutoa hongo, mkazi hakutoa akazi. Alilipa mtu wa mbali ambaye huenda hatalivuka daraja hilo maisha yake yote. Silaumu jambo hili. Nasema tu kwamba msaada una tabia moja: hujenga, lakini haukai kutunza. Mjapani alikabidhi daraja. Hakukabidhi rangi ya kulipaka kila baada ya miaka kadhaa.

Nami nafikiri hapa lugha yetu yatusaidia kujificha. Kitenzi chetu kikubwa katika habari hizi ni kutengeneza. Asili yake ni kutengenea, yaani kuwa katika hali iliyo sawa. Kwa hiyo kutengeneza ni kukifanya kitu kiwe sawa, kiwe kilikuwako au hakikuwako. Fundi hutengeneza kiti kipya, na fundi hutengeneza kiti kilichovunjika. Katika mambo ya nyumbani hakuna hasara, kwa kuwa kiti twakiona. Katika barabara hasara ni kubwa. Serikali ikitangaza fedha za kutengeneza barabara ya Nyakahura, mwananchi hutazamia barabara mpya, mhandisi huelewa kuziba mashimo na kusafisha mitaro, na mwanasiasa aweza kumridhisha kila mmoja wao bila kusema uwongo. Tanzania imeliona tatizo hili katika sheria ingawa haijaliona katika lugha. Mfuko wa Barabara ulioundwa upya mwaka 1998 hupata fedha zake hasa kwa tozo ya mafuta ya magari, na sheria yake yataka si chini ya asilimia 90 ya fedha hizo zitumike kwa matengenezo, yaani kwa kutunza kilichopo. Mwaka 2000 ikaundwa TANROADS iwe mwangalizi wa barabara kuu. Huu ni mpango wa busara. Tozo ni hongo ya Suwarora iliyorudi kwa jina la heshima, mpitaji akilipa kwa kadiri ya kupita kwake, na safari hii malipo yanaifikia njia yenyewe.

Lakini tozo ya mafuta ina upungufu mmoja, nao ni uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois, Marekani, yalifanywa majaribio makubwa ya kuendesha malori mfululizo juu ya vipande vya barabara ili kuona jinsi viharibikavyo. Ikaonekana kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, bali kwa kadiri ya uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Hesabu ni nyepesi. Ekseli ya tani 10 ikipakiwa tani 12, mzigo umezidi kwa sehemu ya tano tu, lakini barabara imeumizwa mara mbili na zaidi. Mafuta hayakuongezeka mara mbili, kwa hiyo tozo haikuongezeka mara mbili. Hiyo tofauti yalipwa na njia. Ndiyo sababu ya kuwapo mizani pale Nyakahura, na ndiyo sababu ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, kuweka mwisho wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Msafiri aonaye malori yamejipanga kwenye mizani hudhani ni usumbufu wa serikali. Mimi naona hapo ndipo mahali pekee katika njia nzima ambapo gharama yake hupimwa kwa kweli. Na ni mahali pabaya pa kurudi kwa hongo katika maana yake ya leo, kwa sababu noti chache zilizofichwa kiganjani hapo zaweza kununua uharibifu wa mamilioni.

Kilometa 90 na zaidi kutoka Lusahunga hadi Rusumo ziliharibika vibaya, hata madereva wakawa wanapita pembeni mwa lami kuliko juu yake, na katika miaka ya 2020 kazi ya kuijenga upya ikaanzwa. Kujengwa upya ndiko kutengenezwa kwa bei ghali kabisa. Ni malipo ya mara moja ya yale yasiyolipwa kidogo kidogo.

Turudi mjini. Barabara ya Nairobi ilijengwa na kampuni ya Kichina ambayo itatoza wapitao kwa muda wa miaka 27, kisha itaikabidhi kwa serikali ya Kenya. Tuhesabu: kukabidhiwa kutatokea karibu na mwaka 2049, wakati ambapo nguzo na vyuma vitakuwa vimeanza kudai haki zao, na aliyetoza miaka yote ya ujana wake atakuwa ameondoka kama Waitaliani wa Benaco. Huko Boston haikuchukua zaidi ya umri huo maradufu. Tofauti nyingine, iliyo kubwa, ni kwamba barabara iliyo juu ya nguzo katikati ya mji haiwezi kuachwa kando kama njia ya miguu, wala kuwekewa daraja jipya ubavuni kama Rusumo, kwa kuwa ubavuni pana majumba. Itatakiwa ama kutunzwa daima, ama kuvunjwa. Katika makisio ya fedha niliyopata kuyasoma kwa Kiswahili nimekuta kujenga, na kutengeneza, na kukarabati, na kupanua. Kuvunja sijakukuta.

Wakusanyaji wa istilahi za uhandisi, ambao baadhi yao ni wasomaji wa jarida hili, wangefanya vema kutenga maneno haya sasa, wakati daraja la Mfugale lingali jipya: kujenga kwa kitu kisichokuwapo, kutunza kwa kazi ya kila mwaka, kukarabati kwa kukirudisha kilichoharibika, kujenga upya kwa kilichoshindikana kukarabatiwa, na kuvunja, kwa jina lake, na kwa safu yake ya shilingi. Kutengeneza wangewaachia mafundi wa viti.

Pale Benaco, malori hupita usiku na mchana, na vijana waliozaliwa baada ya 1996 huuza ndizi kandokando ya lami. Jina la mahali hulitamka kwa lafudhi ya Kihangaza, pasipo dalili yoyote ya Kiitaliani.